Uganda Ilianzia Naivasha

Afisa aliyeshika kitambulisho changu aliitazama pikipiki, akanitazama mimi, kisha akaitazama pikipiki tena. Ni Boxer 150, nyeusi, ile ile unayoiona kwenye kila steji ya Nairobi ikiwa imebeba magunia mawili ya viazi na mama mmoja juu yake. Nyuma nilikuwa nimefunga begi moja kwa mpira wa tyubu.

"Unaenda kufanya nini Uganda?"

"Kutembea tu. Utalii."

"Na hii?"

"Hii ndiyo naenda nayo."

Akamwita mwenzake. "Hebu njoo uone. Mtalii wa boda!"

Wakacheka, nami nikacheka nao, kwa sababu mtu akiwa ameshika kitambulisho chako huwa unacheka anapocheka. Kisha maswali yakaja. Naenda kuiuza? Nimetumwa na nani? Kwenye begi kuna spea? Nilitoa logibuku, leseni, na ile kadi ya njano ya bima ya COMESA niliyoilipia Nairobi, nikasema sina spea ila plagi moja na waya wa klachi. Walikuwa watu wazuri, wakaniandikia kibali cha kuingiza chombo kwa muda na kunitakia safari njema. Lakini ilichukua muda waamini kwamba kuna Mkenya anayeweza kuvuka mpaka kwa nduthi bila kubeba kitu wala kufuata kitu.

Siwalaumu. Picha ya mtalii wa pikipiki iko kichwani mwa kila mtu, hata kichwani mwangu: mzungu, ndevu za wiki tatu, pikipiki kubwa kama fahali, masanduku ya bati kila upande yenye vibandiko vya nchi alizopita. Picha hiyo haikuanza jana. Disemba 1934 wanawake wawili Waingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walitoka London kwa pikipiki aina ya Panther yenye kigari cha pembeni na tela nyuma, wakavuka Sahara, na mwaka uliofuata wakafika Cape Town. Ted Simon alitoka London Oktoba 1973 kwa Triumph ya 500 na kuzunguka dunia kwa miaka minne, akipitia Kenya. Kitabu chake, Jupiter's Travels, kimewafanya watu wengi waache kazi. Mwaka 2007 Ewan McGregor na rafiki yake Charley Boorman waliteremka kutoka Scotland hadi Cape Town wakifuatwa na kamera. Kwa hao wote Afrika ilikuwa njia, na sisi tulikuwa wale watu wa kando ya njia wanaopunga mkono.

Nilitaka siku moja mimi ndiye nipungiwe mkono. Hiyo ndiyo sababu niliyowapa marafiki. Sababu nyingine nitaifikia.

Turudi nyuma kilomita mia nne na kitu. Nilitoka Nairobi gizani, nikateremka Mai Mahiu polepole nikijibana kando ya malori, nikapita kile kikanisa kidogo kilichojengwa na wafungwa wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili, na kufikia Naivasha mikono ilikuwa imeganda. Nikaagiza chai na mandazi mawili. Na hapo, kwa hesabu yangu, nilikuwa nimeingia Uganda.

Si mzaha. Waingereza walitangaza Uganda kuwa himaya yao mwaka 1894, na mwaka 1895 wakatangaza himaya ya pili upande wa pwani, ile iliyokuja kuitwa Kenya. Mpaka kati ya hizo mbili haukuwa Busia wala Malaba. Ulikuwa huku Bondeni, maeneo ya Naivasha. Nakuru ilikuwa Uganda. Kisumu ilikuwa Uganda. Yote hayo yaliitwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda, hadi tarehe 1 Aprili 1902, siku ambayo mkoa huo ulihamishiwa himaya ya jirani. Hakuna aliyehama nyumba. Mtu alilala Mganda, kwa maana ya makaratasi, akaamka akiwa kitu kingine, na nadhani wengi hawakuambiwa hata baada ya miaka.

Sababu kubwa ilikuwa reli. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikaitwa Reli ya Uganda kwa kuwa huko ndiko ilikokuwa ikielekea, na Disemba 1901 ikafika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence. Ikawa imefika Uganda kweli. Lakini reli moja chini ya serikali mbili ilikuwa kero, kwa hiyo iliamuliwa iwe yote ndani ya himaya moja. Miezi mitatu na kitu baada ya reli kufika Uganda, Uganda ikaondoka. Reli ikabaki. Jina nalo likabaki, ndiyo maana babu zetu waliendelea kupanda Reli ya Uganda kutoka Nairobi kwenda Mombasa.

Shuleni sikufundishwa hivyo. Nilifundishwa kuhusu Simba wa Tsavo.

Kuna mtu mmoja ambaye hakuisahau ramani ya zamani. Februari 1976 Idi Amin alisimama na kusema kwamba sehemu kubwa ya Kenya, hadi karibu kilomita 32 kutoka Nairobi, ni mali ya Uganda kihistoria. Tuseme Limuru huko. Aligusia pia kusini mwa Sudan. Wakenya waliandamana, serikali ya Kenyatta ikabana mizigo ya Uganda iliyopitia Mombasa, na Amin, aliyekuwa hana njia nyingine rahisi ya kupata mafuta, akalegea. Tunapenda kuisimulia kama stori ya mwendawazimu. Lakini sehemu ya alichosema ilikuwa kwenye makaratasi ya Waingereza wenyewe. Wazimu ulikuwa kudhani kwamba mstari ukichorwa vibaya mara ya kwanza, dawa yake ni kuuchora tena kwa jeshi.

Mvua ilinikuta kabla ya Kericho. Sitaisimulia sana. Kuna mahali barabara ilikuwa inatengenezwa, tukaelekezwa kando, na kwenye matope mekundu gurudumu la mbele likaamua kwenda kwake na mimi nikaenda kwangu. Vijana wawili wa boda waliisimamisha Boxer kabla mimi sijasimama. Mmoja akanyoosha kioo, mwingine akaniuliza, "Buda, unabeba nani?" Nikasema simbebi mtu. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu aliyekosa wateja kutoka Nairobi hadi Kericho.

Nililala Kisumu, na asubuhi nikapita Maseno ambako unavuka ikweta bila pikipiki kushtuka, nikapita Ugunja, na saa nne nikawa Bumala kwa nyanya.

Sasa ile sababu nyingine.

Nyanya ni Msamia aliyezaliwa upande wa Uganda, kwenye kijiji ambacho kutoka kwake, anavyosema, unasikia majogoo wa Kenya wakiwika. Akaolewa upande huu. Kwake hakuvuka kitu. Wasamia wako pande zote mbili, kama walivyo Wateso, kama walivyo Wabukusu na ndugu zao Wagisu kule mlimani. Mpaka kwake ulikuja baadaye, ukaja kama jambo la kazi, kwa sababu babu alikuwa boda.

Vijana wa Nairobi tunadhani boda ni pikipiki. Neno hilo lina umri kuliko hizo pikipiki, na lilizaliwa Busia kwenye miaka ya 1960. Kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda palikuwa na kipande cha ardhi kisicho cha mtu. Basi lilikushusha upande mmoja, na upande wa pili ulikuwa mbali kiasi cha kukuchosha kama una mizigo. Vijana wenye baisikeli wakaona kazi. Wakaweka kiti cha sponji nyuma na kuita wateja: boda, boda! Kutoka boda moja hadi nyingine. Pikipiki zilianza kuchukua nafasi ya baisikeli Uganda miaka ya 1990, na Kenya ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, zikatujaa hivi unavyoona. Jina likapanda pikipiki likaja nazo hadi Nairobi.

Babu alikuwa na Raleigh nyeusi, zile tunazoziita blakimamba. Alibeba watu mchana. Usiku, kuanzia 1976, alibeba kahawa.

Julai 1975 baridi kali ilipiga Brazil na kuua mikahawa mingi ajabu, na bei ya kahawa duniani ikapaa. Mkulima wa Uganda hakuiona bei hiyo. Ilimbidi auze kwa bodi ya serikali, iliyomlipa kidogo, tena kwa pesa ambazo hazikuwa na cha kununua, kwani maduka yalikuwa matupu tangu Amin alipowafukuza Wahindi mwaka 1972. Ng'ambo ya mto, Kenya, kulikuwa na wanunuzi wenye pesa taslimu, na sukari, na sabuni, na mafuta ya taa. Unafikiri kahawa ilienda wapi?

Soko lililojulikana zaidi lilikuwa Chepkube, upande wa Mlima Elgon, Bungoma. Kahawa ilishuka mlimani kwa punda, kwa baisikeli, kwa vichwa vya akina mama. Watu wakaiita dhahabu nyeusi. Wamugunda Geteria ameandika riwaya juu yake, na kama unataka kujua pesa ilivyonuka wakati ule itafute. Uganda wenyewe walichukua neno letu la Kiswahili, magendo, wakalifanya jina la uchumi mzima, na waliotajirika wakaitwa mafuta mingi. Amin naye akaunda vikosi vya kuzuia, na Mwingereza mmoja aliyekuwa karibu naye, Bob Astles, akaongoza vita dhidi ya magendo ziwani. Waliokamatwa walipigwa risasi. Si wote, lakini wa kutosha.

Babu alikuwa na mdogo wake wa miaka kumi na tisa. Mwaka 1977, mwaka ule ule Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, kijana akasikia kwamba Chepkube mtu analipwa kwa usiku mmoja kile ambacho Busia analipwa kwa mwezi. Akaazima Raleigh ya babu. Hakurudi. Wala baisikeli.

Nyumbani kwetu hilo halikusemwa kwa sauti. Babu alinunua baisikeli nyingine na kuendelea na kazi hadi Disemba 1987, wakati askari wa Kenya na Uganda walipofyatuliana risasi pale Busia na mpaka ukafungwa kwa siku kadhaa. Siku hiyo alirudi nyumbani kwa miguu akisukuma baisikeli, akaitundika ukutani, na hakuishusha tena. Alifariki nikiwa darasa la tano. Mimi nilidhani Raleigh ile ni pambo.

Nilipomwambia nyanya naenda Uganda kutalii, alinyamaza, akamaliza kuchambua maharagwe.

"Utarudi na njia gani?"

"Naweza kurudi na ya Mbale, nitokee Lwakhakha."

"Ukipita huko," akasema, "angalia tu."

Hakuniambia niangalie nini.

Kwa hiyo nilipokuwa nimesimama mbele ya wale maafisa waliocheka, sehemu moja yangu ilitaka kuwaambia kwamba familia yangu imevuka hapa kwa magurudumu mawili kabla wao hawajazaliwa. Nikanyamaza. Tangu 2018 Busia ni kituo cha pamoja, maafisa wa nchi zote mbili wanakaa jengo moja, na unasimama mara moja tu, upande unaoingia. Kile kipande kisicho cha mtu, kilichozaa neno ambalo leo liko Kampala na Nairobi, nilikipita kwa sekunde chache nikiwa gia ya pili. Na nilivuka kwa kitambulisho tu, kwani tangu Januari 2014 Mkenya haitaji pasipoti kuingia Uganda wala Rwanda. Mdogo wake babu alihitaji giza.

Uganda yenyewe ni tamu kwa pikipiki. Wanaendesha kushoto kama sisi. Kutoka Busia unapita Bugiri, unapita Iganga, miwa inaanza, na hewa inanuka molasi. Nilikula roleksi, ile chapati iliyoviringishiwa mayai na kabeji, tatu kwa siku. Jinja nilikaa usiku mbili. Niliona Nile inapotoka ziwani, nikapiga picha ambazo kila mtu anazo, sina mengi ya kuongeza.

Ila jambo moja la Jinja. Nilikuwa nimesimama kando ya barabara nikitazama ramani kwenye simu wakati Boxer iliposhuka kidogo nyuma. Nikageuka. Mama mmoja mwenye gomesi ya kijani alikuwa amekaa upande, mkoba mapajani, tayari. Akaniambia kitu ambacho ndani yake nilisikia neno moja tu, katale, soko. Nikajaribu kumweleza kwa Kiswahili kwamba mimi ni mtalii. "Ssebo," akasema, na akanigonga begani kwa kidole, kama unavyomgonga boda aliyelala.

Nikampeleka. Ilikuwa mwendo wa dakika tano, yeye akinielekeza kwa kidole kile kile, kushoto, kulia. Sokoni akanipa elfu mbili za Uganda. Nikakataa. Hapo ndipo alipokasirika kweli, akaitupia noti juu ya tangi na kuondoka. Ninayo hadi leo. Babu alianza maisha hivyo hivyo, abiria mmoja asiyeuliza, na huenda ndiyo pesa pekee katika ukoo wetu tuliyowahi kulipwa Uganda bila kujificha.

Mbale iko chini ya Elgon, na huko kahawa haifichwi. Chama cha ushirika cha Bugisu kipo tangu 1954, kilipita kwa Amin na waliomfuata, na arabika yao sasa inauzwa kwa wazungu kwenye pakiti zenye picha ya mlima. Nilinunua nusu kilo, ya kusaga, dukani, nikapewa risiti. Kisha nikashika barabara ya Lwakhakha. Inateremka kwa kona kati ya migomba, na mlima unakuwa kushoto kwako muda wote.

Mpaka pale ni mto. Sikutarajia uwe mdogo hivyo. Miaka yote kichwani mwangu mdogo wake babu alikuwa amezama kwenye mto mpana, wenye kelele, mto unaostahili kumeza mtu na baisikeli. Huu, wakati wa kiangazi, ungeuvuka na viatu mkononi. Watoto walikuwa wanaoga. Upande wa pili, Kenya, mtu alikuwa anaosha nduthi.

Nilimkuta mzee mmoja chini ya mti, nikamwamkia, nikamwuliza kama alikuwepo wakati wa kahawa. "Nani hakuwepo?" akasema. Akanionyesha kwa fimbo mahali walipokuwa wakivukia, mawe matatu. Akaniambia kwamba usiku hukusikia watu, ulisikia minyororo ya baisikeli tu, na kwamba wajanja waliifunga vitambaa. Nikamtajia jina la mdogo wake babu. Akafikiria kwa adabu, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Walikuwa wengi," akasema. "Na hawakutumia majina yao."

Nikamshukuru. Nikakaa kidogo kwenye moja ya yale mawe. Niliangalia tu, kama nilivyoambiwa.

Pale kwa forodha kijana wa umri wangu aligonga begi kwa kalamu.

"Umebeba nini?"

"Nguo. Na kahawa."

"Kiasi gani?"

"Nusu kilo."

Akanirudishia kibali bila kunifungulia begi.

Bumala nilifika jioni, vumbi hadi kwenye meno. Nyanya alipokea pakiti, akaigeuza, akainusa kupitia kile kitundu kidogo. Akauliza bei. Nikamwambia. Akaiuliza tena, akidhani hajasikia vizuri.

"Na pale mtoni, walikuuliza umebeba nini?"

"Waliuliza."

"Ukasema nini?"

"Nikasema kahawa."

Akaiweka pakiti kwenye kabati, juu, mahali anapoweka vitu ambavyo wajukuu hawaruhusiwi kugusa. Akakaa. Nje mtu alipita na boda, mwanga ukazunguka ukutani na kuipita ile baisikeli.

"Na wakakuachilia upite," akasema.

"Wakaniachilia."

"Mchana?"

"Saa nane, nyanya."